Uchakazaji: Jina la Kuchakaza Nyambizi kwa Makusudi

Modeli ya nyambizi ikishagundishwa vipande vyake, ikapigwa msasa na kupakwa rangi, bado haijakwisha. Hubaki hatua ya kuiharibu rangi hiyo kwa makusudi na kwa kipimo, ili chombo kionekane kimekaa baharini na kimefanya kazi. Wenye Kiingereza huiita weathering. Kiswahili hakina jina lililozoeleka kwa kazi hii, labda kwa kuwa wanaoifanya Afrika Mashariki ni wachache na maelekezo wanayoyasoma yako katika lugha nyingine. Jina ninalolipendekeza ni uchakazaji. Nitalitetea hapa, halafu nitalivunja vipande, maana neno moja likibebeshwa kila kitu humpotosha anayeanza.

Kwanza yale ya kuwekwa kando. Neno la Kiingereza limezaliwa na weather, na mfasiri mwenye haraka atakimbilia hali ya hewa. Atakwama papo hapo, kwa sababu hali ya hewa haina kitenzi. Hata ingekuwa nacho, kinachoila nyambizi zaidi ni chumvi, mafuta, moshi wa dizeli na viatu vya mabaharia. Mmomonyoko lina wenyewe tayari: ni neno la udongo unaobebwa na maji, na kila anayelisikia huona shamba linaondoka. Kuzeesha linakaribia, ila linasema juu ya umri. Nyambizi iliyotoka gatini miezi miwili iliyopita haijazeeka hata kidogo, lakini inaweza kuwa imechakaa vibaya. Isitoshe, kuzeesha kuna harufu ya udanganyifu, kama kwa seremala anayetengeneza kisanduku leo na kukiuza kesho kwa mtalii kuwa ni cha enzi za babu.

Chakaa ni kitenzi cha nguo, viatu, gari na paa. Kitu kimetumika, kimeonja jua na mvua, kimepungua. Kutoka hapo tunapata chakaza, na kutoka chakaza tunapata uchakazaji, tendo lenye mtu nyuma yake anayejua anachokifanya. Uchakavu sikulichukua, kwa kuwa wahasibu wamekwisha kulitia mfukoni kwa maana ya mali inayopungua thamani mwaka hadi mwaka, na hakuna haja ya kugombana nao. Kasoro ya uchakazaji ni moja. Wasomaji wa kurasa za michezo wamezoea kuona timu ikichakazwa mabao manne kwa nunge, na neno limeingiwa na maana ya kipigo. Mimi kasoro hiyo naipenda. Kosa kubwa la anayeanza kazi hii ni kuichakaza modeli kwa maana ile ya uwanjani, akaitoa ikiwa imejaa kutu toka omo hadi tezi, na si vibaya neno lenyewe likimkemea kidogo.

Watu wa Kakamega wana bahati ya kuziona maana mbili za weathering mahali pamoja. Ukitoka Shirere ukaishika barabara ya kwenda Kisumu, huko Ilesi limesimama Jiwe Linalolia, nguzo ndefu ya mwamba iliyobeba jiwe jingine kubwa kichwani, na maji yakiteremka ubavuni mwake. Mwanajiolojia akilitazama huona mwamba uliolika taratibu kwenye nyufa zake, sehemu dhaifu ikaondoka na ngumu ikabaki imesimama. Hiyo ni weathering ya darasani, na kwa maana hiyo siupendekezi uchakazaji, kwa sababu hakuna mtu aliyeuchakaza mwamba ule. Kulika kwa miamba kunatosha. Mtengeneza modeli akilitazama jiwe lile lile huona kitu kingine kabisa: njia ya maji. Maji hayateremki ovyo. Yana mahali yanapoanzia, yana mfereji yanaoufuata, na rangi ya jiwe pale yanapopita si rangi ya jiwe pembeni. Anayeweza kueleza kwa nini mkanda ule uko pale na si hatua mbili kushoto amekwisha kuelewa nusu ya uchakazaji.

Nusu ya pili inafundishwa na mageti. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na geti la chuma lililopakwa vizuri Januari huanza kusimulia mambo kabla ya Krismasi. Chukua geti moja la kawaida la Shirere, la buluu, lenye mlango mdogo wa watu ndani ya mlango mkubwa wa gari. Kwenye komeo rangi imekwisha kabisa, lakini hapo hakuna kutu; chuma kinang'aa, kwa kuwa mikono inakisugua kutwa. Kutu imeanza chini ya komeo, pale mikono isipofika na maji yanapokusanyika, na kutoka hapo mchirizi wa kahawia unashuka kama shibiri moja na kufifia. Pembeni mwa bawaba kuna mchirizi mwingine, wa mafuta meusi yaliyokamata vumbi. Upande wa juu wa kila bomba la mlalo umepauka, buluu imekuwa ya maziwa, ilhali upande wa chini wa bomba hilo hilo bado una buluu ya dukani. Chini kabisa, hadi usawa wa goti, kuna madoa ya udongo mwekundu yaliyorushwa na matone ya mvua. Yamesongamana karibu na ardhi na kupungua kadiri unavyopanda. Kila kitu hapo kina sababu yake, na hakuna sababu hata moja iliyoenea geti zima kwa usawa.

Kwenye geti hilo kuna mtego ambao wengi huuangukia. Mahali palipogongwa na baiskeli pameonyesha wekundu, na jicho la haraka husema kutu. Nilimuuliza fundi wa kuchomelea aliye kando ya barabara.

"Fundi, hii nyekundu si kutu?"

"Hapana, mwalimu. Hiyo ni redoksaidi. Rangi ya juu ndiyo imetoka."

Redoksaidi ni rangi ya kwanza inayopakwa juu ya chuma kabla ya rangi ya kuonekana. Ikichubuliwa rangi ya juu, yenyewe hubaki imeshika, nyekundu isiyong'aa, yenye kingo kali. Kutu ni kitu tofauti: ina vivuli vingi, imevimba kidogo, na huchafua jirani zake. Meli na nyambizi nazo hupakwa rangi ya kwanza. Kwa hiyo mchubuko kwenye modeli unaweza kuonyesha rangi ya kwanza, au chuma kitupu, au kutu, na fundi lazima aamue ni kipi, kutokana na mchubuko huo una siku ngapi.

Sasa tunaweza kuuvunja uchakazaji. Kiswahili kina vitenzi vingi vya mambo haya, na ni hasara kuvifunika vyote kwa neno moja. Rangi inayopoteza nguvu kwa jua imepauka. Kuifanyia modeli hivyo ni kupausha. Rangi inayotoka kwa maji imechujuka. Iliyotolewa kwa kugongwa au kusuguliwa imechubuka, na iliyoinuka kama ganda imebanduka. Uso mzima ukigeuka mweusi kwa moshi, kama sehemu ya nyuma ya nyambizi inapotokea moshi wa dizeli, umesawijika. Alama za maji yanayoshuka ni michirizi. Utando wa kijani unaoota kwenye mstari wa maji ningeuita ukoga, neno lile lile la uchafu wa meno na la shaba iliyokaa, kwa sababu ni tabaka jembamba lililong'ang'ania kitu kigumu. Ukimwambia mwanafunzi "chakaza ubavu huu," atakuuliza afanye nini. Ukimwambia "pausha juu, chirizisha chini ya matundu, usichubue," atakwenda kazini.

Matundu ni jambo la kueleza, kwa kuwa ndiyo yanayoitofautisha nyambizi na meli nyingine. Nyambizi za Vita vya Pili vya Dunia zilikuwa na ganda la ndani, nene, la kuhimili uzito wa maji, na juu yake bati jembamba la nje lililotobolewa safu za matundu. Chombo kikizama, maji huingia kati ya hayo mawili. Kikiibuka, maji hutoka kwa matundu hayo yote kwa pamoja. Chini ya kila tundu basi huwa na njia ya maji, na baada ya wiki kadhaa huwa na mchirizi wa chumvi na kutu, mamia ya michirizi iliyopangwa kwa umbali ule ule ubavu mzima. Tena nyambizi hizo zilitembea juu ya maji muda mwingi na kuzama pale tu ilipolazimu, kwa hiyo michirizi ilishuka wima hadi mstari wa maji. Anayeilaza modeli mezani na kuvuta michirizi kuelekea nyuma, akidhani chombo kilikuwa kinakwenda mbio, amechora nyambizi ambayo haijawahi kuibuka.

Nchi za Afrika Mashariki hazina nyambizi, na mtu anaweza kuuliza haya yanatuhusu vipi. Yanatuhusu kwa njia chungu. Tarehe 5 Februari 1944 msafara wa meli za askari ulitoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Mojawapo ilikuwa Khedive Ismail, na ndani yake mlikuwa na kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, askari zaidi ya 900, pamoja na mabaharia, wauguzi na wengineo. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili, na meli ikazama chini ya dakika tatu. Watu 1,297 walikufa. Manowari za Kiingereza Paladin na Petard ziliiandama I-27 siku hiyo hiyo hadi zikaizamisha nayo. Katika makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, yapo majina ya waliopotea na meli ile.

Kwa Mkenya anayetaka kutengeneza nyambizi moja tu maishani, I-27 ina haki ya kutangulia mbele ya zile za Kijerumani zinazojaza maduka ya modeli. Nayo inatufundisha kwamba uchakazaji una tarehe. I-27 iliondoka Penang mapema mwezi ule ule wa Februari. Siku ya shambulio ilikuwa baharini kwa muda usiozidi wiki moja na ushei. Kutu nzito haiwezi kuota katika muda huo juu ya chombo kilichokuwa bandarini. Kinachostahili ni chumvi iliyokaukia kwenye rangi ya giza, michirizi michanga chini ya matundu, kupauka kidogo kwa sitaha, na michubuko ya zamani ambayo mabaharia hawakuwahi kuigusa kwa brashi. Ukitaka kuichakaza zaidi, chagua safari nyingine na siku nyingine. Modeli isiyo na tarehe huchakazwa kwa mazoea, na mazoea ya siku hizi yamezidi kutu.

Kikwazo kingine ni skeli. Nyambizi ya aina ya I-27 ilikuwa na urefu wa mita 108.7. Katika skeli ya 1:350 inakuwa na sentimita 31, urefu wa rula ya shule na kidogo zaidi. Katika skeli hiyo milimita moja ni sentimita 35 za kweli. Kipande cha rangi kilichobanduka chenye ukubwa wa kichwa cha kiberiti, kikipimwa kwa nyambizi halisi, ni bamba ambalo mtoto angeweza kulalia. Chembe ya chumvi ya jikoni inayotumiwa kuchubulia rangi, yenye nusu milimita, huacha tundu la sentimita 17.5. Ndiyo maana katika skeli ndogo huwa nashauri kuacha kuchubua na kubaki na kupausha na michirizi. Kuchubua kuna nafasi yake katika 1:72, ambako milimita moja ni sentimita saba tu, na nyambizi ya Kijerumani ya aina ya VIIC, yenye mita 67.1, inakuwa karibu mita nzima na kumaliza meza ya sebule.

Skeli inagusa hata rangi yenyewe. Simama mahali pa juu Kakamega asubuhi isiyo na mvua utazame mashariki: ukuta wa milima ya Nandi unaonekana wa buluu ya kijivu, ingawa huko kwenyewe ni miti na mashamba ya kijani. Hewa iliyo katikati imepunguza rangi. Modeli ya sentimita 31 inayotazamwa mezani ni kama nyambizi nzima inayotazamwa kutoka mbali, na rangi nyeusi ya kopo ikipakwa bila kupunguzwa huifanya ionekane kama kichezeo. Nyambizi nyingi za Kijapani zilipakwa nyeusi au kijivu cha kuiva juu ya mstari wa maji. Kwa modeli, nyeusi hiyo hutiwa kijivu, na hutiwa zaidi kidogo kwa sitaha, ambayo jua linaipiga moja kwa moja, kuliko kwa mbavu. Jambo hili nalo lahitaji jina, na kupunguza rangi kwa skeli linatosha. Sioni haja ya kubuni neno la Kilatini.

Chini ya mstari wa maji Waswahili wana la kusema kabla ya mtu yeyote. Huko hupakwa rangi ya kuzuia viumbe wa baharini wasijishikize, mara nyingi nyekundu kwa sababu ya oksidi ya shaba iliyomo. Mafundi wa majahazi wa Lamu na Zanzibar wamekuwa wakifanya kazi hiyo hiyo kwa deheni, chokaa iliyochanganywa na mafuta, inayopakwa sehemu ya chombo inayokaa majini, huku mbao za juu zikipakwa sifa, mafuta ya papa. Nikiandika maelekezo ya modeli kwa Kiswahili, rangi ile nyekundu naiita deheni ya kisasa, na msomaji wa pwani hahitaji maelezo zaidi. Deheni ya nyambizi hupauka kwa namna yake: karibu na mstari wa maji huwa na ukoga, na chini zaidi huwa na wekundu wenye mabaka, mahali penye maganda ya viumbe waliokwanguliwa.

Kwa upande wa mbinu, nyingi zinapatikana Shirere bila kuagiza chochote ng'ambo. Mbinu ya chumvi: paka rangi ya kutu, iache ikauke kabisa, lowesha kidogo mahali unapotaka mchubuko, nyunyiza chumvi, puliza rangi ya juu, kisha sugua chumvi itoke. Mbinu ya dawa ya nywele ni nadhifu zaidi. Ile ya kupuliza inayouzwa saluni huwekwa katikati ya rangi mbili. Rangi ya juu ikikauka, huloweshwa kwa maji na kusuguliwa kwa brashi ngumu, na dawa iliyo chini inayeyuka na kuiachia rangi vipande vipande. Sharti ni moja: rangi ya juu iwe ile inayochanganywa na maji. Rangi ya mafuta ya mageti haipitishi maji, na utasugua hadi jioni.

Michirizi hutengenezwa kwa rangi ya mafuta ya wachoraji. Weka nukta ndogo chini ya tundu, lowesha brashi bapa kwa tapentaini kisha uifute kwenye kitambaa hadi ibaki na unyevu tu, halafu vuta chini, mara moja, mara mbili, hadi nukta igeuke kivuli. Ukiona mchirizi kwa urahisi ukiwa umesimama, umezidisha.

Kuna istilahi moja nyingine iliyonisumbua kuliko zote. Rangi nyepesi mno inayotiririshwa ili ikae kwenye mifereji na pembe za modeli, Kiingereza huiita wash, na wengi wameitafsiri kuosha. Mwanafunzi akisoma "osha modeli yako kwa kahawia" ataiona sabuni. Ninachokitumia ni kunywesha: unainywesha mifereji rangi, inakunywa inachoweza, na kilichozidi unakifuta. Kitenzi hicho hicho kinaeleza pia kwa nini rangi lazima iwe nyepesi.

Yanayobaki ni vanishi. Unyweshaji hufanywa juu ya vanishi inayong'aa, kwa sababu rangi hukimbia kwenye uso laini na kuingia mifereji. Juu ya uso wa kukwaruza hunywewa kila mahali na kuacha madoa. Vanishi isiyong'aa huja mwisho, nayo hufifisha michirizi ya giza na kuififisha zaidi ile ya chumvi, wakati mwingine hadi ipotee. Kwa hiyo chumvi ya I-27, ule weupe mwembamba chini ya matundu, ipakwe baada ya vanishi hiyo kukauka, kwa unga wa chokaa na brashi kavu, na modeli isishikwe tena kwa mikono mitupu.